Mlango Nusu wa Baldev

Baldev alikuwa ameamua kuondoka Winson Green, mtaa wa Birmingham, kama mtu anayetoka mara moja kununua kiberiti. Hakuna kuaga. Hakuna karamu, hakuna hotuba, hakuna kupigwa picha na watu ambao siku nyingine zote walikuja dukani kumwambia unga wake una wadudu. Binti yake Rajvinder angefika saa nane mchana na gari kutoka Coventry, angepakia sanduku na birika, Baldev angekaa kiti cha mbele, angefunga mkanda, na dunia ingeendelea bila yeye. Wiki inayofuata wakija kuulizia binzari wangekuta dalali amebandika tangazo la mpangaji mpya dirishani, na yeye yuko Coventry kwenye sofa la mkwe, miguu juu, anatazama kriketi.

Mpango mzuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu: ulipangwa na mtu wa Makorongo.

Makorongo ulikuwa mji wa mbugani, katikati kabisa ya nchi aliyozaliwa, mahali ambapo treni ilisimama kwa sababu injini ilitaka maji, na watu wakabaki kwa sababu treni iliwaacha. Barabara ilikuwa moja, pana kupita kiasi, kana kwamba aliyeichora alitegemea London ingehamia pale. Upande huu maduka, upande ule maduka, na baada ya hapo nyasi za manjano mpaka jicho linachoka. Vumbi lilikuwa raia kama raia wengine. Siku ya mnada wafugaji waliingia asubuhi na ng'ombe wao, mji mzima ukanuka samli na jasho, wakauza, wakanunua kaniki, chumvi, shanga na betri za tochi, jioni wakarudi mbugani, na Makorongo ukalala tena mpaka mnada mwingine.

Baba yake Baldev, mzee Gurnam, alikuwa na duka la kila kitu pale. Na kila kitu maana yake kila kitu: misumari, majembe, mafuta ya nywele, peremende, na dawa moja ya kikohozi ambayo watu waliitumia pia kuondoa kutu. Mnada ulipohamishiwa mji mwingine, biashara ikakauka kama kisima cha kiangazi, mzee Gurnam akaamua kuhama. Lakini Makorongo hakukuwa na kuhama kimyakimya. Anayehama alipita baraza kwa baraza, duka kwa duka, akakaa, akanywa funda la chai, akaomba radhi kwa aliowakosea, ndipo akaenda stesheni. Mzee Gurnam, mwanamume wa ndevu mpaka kifuani, aliyebeba gunia la chumvi begani huku anapiga mluzi, alianza kulia kwenye baraza ya kwanza akamalizia kwenye ngazi za behewa. Alilia kwa sauti. Alilia mpaka kilemba kikalegea. Baldev, wakati huo kijana wa kuota ndevu, alitembea nyuma yake huku anatamani ardhi ipasuke, na pale pale akaapa: siku yake ikifika, ataondoka macho makavu.

Siku yenyewe ndiyo hii. Magoti yalikuwa yamekataa ngazi, Rajvinder alikuwa amekataa kukataliwa, na duka lilikuwa limepata mpangaji mwingine, kijana wa kuuza simu. Kwa wiki kadhaa Baldev alikuwa akipunguza mali taratibu bila mteja hata mmoja kushtuka. Alitumia ujanja wa Makorongo wa miaka ya ukame: mstari wa mbele wa rafu umejaa, nyuma ni maboksi matupu na hewa. Asubuhi hii alikuwa ameondoa hata ule mstari wa mbele. Simu alikwishaizima. Kilichobaki ni kushusha shata, lile pazia la chuma la mbele ya duka, akae gizani na chai yake mpaka gari lije.

Akavuta mnyororo. Shata likashuka, likalia kama punda, likafika katikati, likagoma.

Akavuta tena. Likakaa. Akalipiga na mpini wa ufagio. Likakaa. Akalitukana kwa Kipunjabi, kisha kwa Kiswahili, ambacho kina nafasi zaidi. Halikwenda juu wala chini. Mwishowe akaliacha, akasogea nyuma ya kaunta, akakaa juu ya kreti, akamimina chai. Nusu wazi, nusu imefungwa. Ina ubaya gani? Mpita njia atadhani fundi anakuja.

Mpita njia wa Birmingham, ndiyo. Lakini basi la kwenda mjini hupita pale pale mbele, na ndani ya basi lile asubuhi ile, kwenye kiti cha dirishani, begi mapajani, alikuwa amekaa Bi Mwanamize, binti wa stesheni masta wa Makorongo, mmoja wa wale wachache wa mji ule walioishia jiji hili.

Makorongo, mtu akifa, maduka hayakufungwa. Mji wenyewe ulikuwa mdogo. Ukifunga maduka, wafiwa watapata wapi sukari? Basi kila mwenye duka alifunga bawa moja la mlango na kuacha jingine. Mlango nusu. Ukiuona, unashusha sauti, unavua kofia, unaingia kwa ubavu. Siku hiyo duka liliuza sukari, majani ya chai na nguo ya sanda, na hakuna aliyebishania bei. Na kama ni duka moja tu barabara nzima lenye mlango nusu, basi hakuna haja ya kuuliza nani. Ni mwenyewe.

Bi Mwanamize hakuuliza. Kabla basi halijafika kituo kinachofuata alikwisha mpigia Khatib, na kabla Khatib hajamaliza kusema innalillahi, alikwisha mpigia Varsha. Kuna watu wanaopewa habari, na kuna Bi Mwanamize.

Baldev hakujua lolote kati ya hayo. Alichoona yeye, kutoka juu ya kreti lake, ilikuwa miguu.

Kwanza vilikuja viatu vyeusi vya kamba, vimepigwa rangi mpaka vinacheka. Khatib. Alikuwa ameendesha mabasi ya jiji hili mpaka akastaafu, na bado alivaa kana kwamba mkaguzi yuko njiani. Kisha raba nyeupe chini ya pindo la sari ya rangi ya maziwa: Varsha, ambaye baba yake aliuza vitambaa ng'ambo ya barabara, Makorongo, na sasa anakaa nyumba chache kutoka hapa. Kisha kandambili juu ya soksi nene za sufu. Kandambili na soksi, Birmingham nzima, ni mtu mmoja.

"Si nilikwambia," ikasema sauti ya Bi Mwanamize, imeshushwa, ya msibani. "Nimekaa kwenye basi zangu, natupa jicho, mlango nusu. Moyo ukafanya pa. Nikasema, Kalasinga wetu ametuacha."

"Simu yake je?" akauliza Khatib.

"Imezimwa."

"Basi kweli. Baldev akiwa hai hazimi simu. Anaogopa kupitwa na mtu wa kuulizia mchele."

Chai ilimpalia Baldev. Akaziba mdomo kwa kiganja. Aliyekufa alikuwa ni yeye.

Jambo la busara lilikuwa kuinama, kutoa kichwa nje, na kusema jamani ni shata tu. Lakini baadaye? Wangeingia. Wangeona rafu. Wangeuliza. Na ndiyo ingekuwa mwanzo wa yale yale ya baba yake, baraza kwa baraza. Akaamua kunyamaza. Watakaa kidogo, watachoka, mvua itanyesha, hapa mvua haikosi. Watakwenda, gari litakuja, na maisha ya marehemu yataendelea Coventry.

"Tubishe hodi?" akauliza Varsha.

"Msibani hapabishwi hodi, Varsha, umesahau kwenu? Unakaa. Mwenyewe akiona watu wamejaa, atatoka," akajibu Bi Mwanamize.

"Lakini mwenyewe ndiye aliyekufa."

"Basi atatoka mwanawe."

Vikasikika viti vya kukunja vikikunjuliwa. Varsha alikuwa amevibeba kutoka kwake. Kisha harufu ikapita chini ya chuma, na Baldev akajua kwamba hawa hawataondoka kwa mvua: pilau. Bi Mwanamize alikuwa ameshuka basini, akarudi kwake Newtown, akapakua sufuria aliyompikia mjukuu, akaja nayo. Mjukuu atakula chipsi. Msiba ni msiba.

Wakaketi, mikono mapajani, wakaanza na sifa.

"Alikuwa mtu mwema," akasema Khatib.

"Sana."

"Mcheshi."

"Sana."

"Mizani yake tu."

"Mizani yake ilikuwa na haraka," akakubali Varsha.

"Na mchele wake. Ule una mawe mpaka unajengea."

"Marehemu hasemwi, Khatib," akasema Bi Mwanamize.

"Simsemi marehemu. Nausema mchele."

Wakacheka, wakajizuia, wakacheka tena. Na kama ilivyo kwa watu waliotoka mahali pamoja, msiba ukageuka safari. Wakarudi Makorongo bila nauli. Varsha akamtaja fundi cherehani aliyekaa kwenye baraza ya duka la baba yake, yule asiyekuwa na futi ya kupimia. Alikutazama mara moja unavuka barabara, akakata kitambaa.

"Ndiyo maana wanawake wa Makorongo walivuka barabara wamebana tumbo," akasema Bi Mwanamize.

Khatib akaitaja mashine ya kusaga, na lile kopo lililofungwa kwenye bomba la moshi, likipiga tuk, tuk, tuk siku kutwa. Mji haukuwa na saa. Mashine ikiwaka ni asubuhi, ikizima ni jioni, na siku ilipoharibika watoto hawakujua wakati wa kurudi nyumbani. Wakamtaja punda wa muuza maji, aliyejua kila mteja, na akisimama mbele ya nyumba ya asiyenunua siku hizo alikuwa hasogei mpaka mwenye nyumba atoke aeleze sababu. Wakaitaja harufu ya mvua ya kwanza ikianguka kwenye mbuga iliyokauka, wauza duka wote wakitoka barazani bila kofia, wamesimama tu, wanapuliziwa vumbi lenye maji, hakuna anayeuza wala anayenunua.

Ndani, juu ya kreti, Baldev alikuwa amefumba macho. Alikuwa anaona kaunta ya baba yake, mbao zilizopauka mahali ambapo viwiko vya wafugaji viliegemea. Aliona bakuli la peremende, na mtoto aliyetumwa chumvi akisubiri nyongeza yake bila kuiomba, kwa sababu kuomba nyongeza ilikuwa utovu wa adabu na kutoitoa ilikuwa utovu mkubwa zaidi. Hakuwa amelikumbuka bakuli lile miaka mingi. Alijisikia vizuri. Kufa si kubaya, akawaza, kama mtu amepata pa kukaa.

"Na soda baridi," akasema Khatib. "Wa kwanza kuuza soda baridi Makorongo ni baba yangu, hotelini kwetu. Watu walikuwa wakiiweka chupa shavuni kwanza kabla ya kunywa."

Baldev akafumbua macho.

Akajikaza. Akauma ulimi. Alifikiria sofa la Coventry, akafikiria kriketi.

"Mbuga nzima," Khatib akaendelea, "kabla ya sisi hakuna aliyejua baridi ni nini."

"Muongo," likasema duka.

Nje watu waliruka. Kiti kimoja kilianguka.

"Mmesikia?" akanong'ona Varsha.

"Nimesikia," akasema Khatib, na sauti yake ilikuwa imepanda kama ya kijana anayebalehe.

"Friji ilikuwa yetu," marehemu akaendelea, sasa hasira zimempanda. "Ilishushwa stesheni kwa jina la Gurnam. Mkokoteni ukavunjika gurudumu mbele ya hoteli yenu, friji ikalala kwenu usiku mmoja, baba yako akaitia mafuta ya taa akaiwasha. Kulala si kumiliki, Khatib. Bi Mwanamize, baba yako alikuwa stesheni masta, sema kweli."

Kandambili hazikusogea.

"Mimi sitoi ushahidi kwa maiti," akasema Bi Mwanamize. "Ukiwa mzima, toka nikuone."

"Magoti hayainami."

"Basi tunaingia sisi."

Waliingia mmoja mmoja chini ya chuma. Varsha aliinama akapita kama msichana. Bi Mwanamize alitanguliza sufuria. Khatib aliingia kwa magoti na viganja, suruali iliyopigwa pasi ikifagia sakafu, akasimama, akajikung'uta, akamtazama Baldev kuanzia viatu mpaka kilemba.

"Hata kufa hujui," akasema. "Mtu anatolewa sifa, anabisha."

Bi Mwanamize alimpiga Baldev begani kwa begi lake, mara mbili, kisha akamshika mkono wa bega lile lile, akaubana. "Nimelia kwenye basi mimi. Mwanamke mmoja kanipa leso yake, sijui hata jina lake." Alikuwa anacheka. Akageuka atafute pa kuweka sufuria.

Ndipo alipoziona rafu.

Zilikuwa tupu kutoka mwisho mpaka mwisho, zimefutwa vumbi. Mlangoni kwa nyuma kulikuwa na sanduku limefungwa kamba, na juu yake birika. Kicheko cha Bi Mwanamize kiliisha polepole, kama redio inayoishiwa betri.

"Unakwenda wapi?"

"Coventry," akasema Baldev. "Kwa Raji."

"Lini?"

"Saa nane."

"Saa nane ya lini?"

"Ya leo."

Bi Mwanamize aliweka sufuria juu ya kaunta, akakaa kwenye kreti la Baldev bila kukaribishwa.

"Ungekufa tungekusamehe," akasema. "Kifo hakimsubiri mtu aage. Lakini juzi, Baldev. Juzi nimekuja hapa, umenifungia binzari kwenye karatasi, umenipa, umesema, karibu tena. Huku sanduku liko nyuma ya mlango. Karibu tena wapi?"

Baldev akatazama viatu vyake. Akaanza kusema habari za magoti, habari za kodi ya pango, akaacha. Kisha akasema kweli, kwa sababu duka lilikuwa tupu na hakukuwa na kitu cha kujifanya anakipanga.

"Mnakumbuka baba alivyoondoka," akasema. "Alivyolia. Barabara nzima. Mimi nilikuwa nyuma yake. Niliapa watu hawataniona hivyo. Nikipita kwenu kuaga, najijua, nitakuwa yeye."

Alitegemea wamwonee huruma. Badala yake Khatib alimtazama kana kwamba amemsikia mtu akiona aibu kwa kushinda bahati nasibu.

"Mzee Gurnam?" akasema. "Kwetu ndiko alikolia zaidi. Baba alikuwa akiwasimulia wateja mpaka wanakereka. Kiti alichokalia hakuruhusu mtu akikalie."

"Kwenu alilia kwa moshi wa jikoni," akasema Varsha. "Kwetu alilia kweli. Alishika mhimili wa baraza, fundi cherehani akaacha kushona. Mama alisema katika maisha yake hajaona mwanamume anayeondoka akishika mhimili."

"Nyote mnaota," akasema Bi Mwanamize. "Stesheni ndiko. Alimkumbatia baba yangu mbele ya abiria, kofia ya stesheni masta ikaanguka relini. Baba aliichelewesha treni. Treni, jamani. Barua ya onyo ilimfikia kutoka makao makuu, akaitia fremu akaitundika sebuleni."

"Fremu si hoja, kiti je?"

"Kiti kitu gani? Mtu kachelewesha treni."

Wakaendelea kuvutana, sauti zimepanda, msiba wameusahau, na Baldev amesimama katikati yao na mpini wa ufagio mkononi. Miaka yote hii alidhani mji ule uliiona aibu ya baba yake. Kumbe uliigawana kama nyama ya sherehe, kila nyumba ikaondoka na pande lake, na mpaka leo, Winson Green, watu wazima hawa bado wanagombania nani alipewa nono.

Rajvinder alifika wakiwa wamekwisha funua sufuria. Aliinama chini ya shata, mwanamke wa makamo mwenye koti refu na funguo za gari mdomoni, akamkuta baba yake anakula pilau kwa mkono na wazee watatu wamekaa kwenye makreti. Akauliza kwa Kiingereza kuna nini hapa. Kiswahili alikielewa chote, amekulia nyuma ya kaunta hii, lakini ulimi wake haukutoka nacho nje.

"Karibu, Raji mwanangu," akasema Bi Mwanamize. "Karibu matanga ya baba yako."

Rajvinder akamtazama baba yake. Baba yake akatafuna.

"Ilikuwa makosa," akasema. "Nimekufa kidogo asubuhi. Kula, kisha unipeleke mahali."

Akasema, bado kwa Kiingereza, kwamba barabara ya Coventry itajaa magari, kwamba dalali anasubiri funguo, kwamba walikubaliana kuondoka kimya na tena ni yeye mwenyewe aliyetaka hivyo.

"Coventry haihami," akasema Bi Mwanamize. "Anayehama ni huyu. Mwache ahame kama mtu."

Khatib ndiye aliyetoka wa kwanza. Alisema anakwenda kufagia, kwa sababu kama Baldev anakuja kuaga kwake Digbeth, hakutaka akasimulie Coventry kwamba nyumba ilikuwa chafu.

Walianzia kwa Varsha, hatua chache tu, nyumba kati ya nyumba zilizobanana mtaani. Baldev alikaa sebuleni, akanywa funda la chai ya tangawizi, akaomba radhi kwa mchele. Varsha akasema ameusamehe mchele wote isipokuwa ule wa mwaka jana. Wakacheka. Macho ya Baldev yalikuwa makavu mpaka mlangoni, pale Varsha alipoinama kumfunga kamba ya kiatu iliyofunguka, kama anayemfunga ndugu yake. Ikabidi Baldev atazame juu kidogo, kwenye bomba la mvua, mpaka machozi yalipopungua.

Kisha Newtown. Bi Mwanamize alipanda nao garini, akakaa mbele, akamwelekeza Rajvinder njia ambazo mtu hupita kwa basi tu. Kwake ghorofani walikaa dirishani, na chini yao paa na paa na paa mpaka jicho linachoka. Akampa kahawa.

"Haya," akasema. "Omba radhi."

"Kwa binzari," akasema Baldev.

"Binzari nimekusamehe. Omba kwa lile 'karibu tena.'"

Baldev alifungua mdomo aombe, na kilichotoka hakikuwa neno. Alilia kwa sauti. Alilia kama mzee Gurnam, kwa kifua chote, kilemba kikitikisika, mpaka jirani akagonga ukuta na Bi Mwanamize akamjibu kwa kugonga ukuta zaidi. Rajvinder alisimama na kikombe mkononi. Hakuwahi kumwona baba yake hivyo, hata siku ya msiba wa mkewe. Akaweka kikombe chini, akaja akakaa kwenye mkono wa kiti, akamwekea baba yake kiganja mgongoni.

"Treni ingechelewa," akasema Bi Mwanamize akipangusa macho, ameridhika kabisa.

Jua lilikuwa limeanza kuinama walipofika Digbeth. Khatib alikaa kwenye jengo karibu na kituo cha mabasi ya mikoani, ghorofa ya chini, kwa sababu alisema bila kusikia injini hapati usingizi. Baldev akashuka peke yake, akabisha hodi.

Mlango haukufunguliwa. Kikafunguka kidirisha cha kutumbukizia barua katikati ya mlango, na nyuma yake yakaonekana macho mawili na harufu ya sabuni ya sakafu ikatoka.

"Kwa Varsha umelia?" yakauliza macho.

"Kidogo."

"Na kwa Mwanamize?"

Baldev akasita. "Nimelia."

"Sana?"

"Jirani aligonga ukuta."

"Nilijua," akasema Khatib. "Basi machozi yamekwisha. Unaniletea mimi makapi. Baba yako kwetu alikuja amejaa, wewe unakuja mkavu. Sifungui."

"Khatib, fungua. Mtoto anasubiri, tunakwenda mbali."

"Coventry ni mbali? Mimi nimeendesha mabasi maisha yangu yote, usinifundishe mbali. Nenda. Yakijaa rudi uniage vizuri."

Baldev aliegemea fremu ya mlango. Akajua, kwa hasira kidogo, kwamba yalikuwa yamejaa tayari. Akatoa leso.

"Usilie hapo nje," kikasema kidirisha. "Huko hakuna shahidi, hakuhesabiwi. Alhamisi."

"Alhamisi nina daktari wa magoti."

"Ijumaa basi."

"Ijumaa wewe unakwenda kuswali."

"Nikitoka kuswali. Nitakuwekea chai."

"Chai yako maji matupu. Jumamosi, na nije na majani yangu."

"Jumamosi asubuhi au jioni?"

Garini Rajvinder alitazama saa, akamtazama baba yake aliyeinama mbele ya kidirisha cha barua, kidole juu, anabishana bei na mlango. Akazima injini, akalaza kiti nyuma.